Vijana Weusi wa kwanza kuingia shule za Wazungu kusini mwa Marekani: waliingiaje, na baada ya siku ya kwanza ilikuwaje?

Kurunzi aliuliza:

Wakuu, habari zenu. Naandaa mchezo wa redio wa sehemu nne kuhusu wanafunzi Weusi wa kwanza kuingia sekondari za Wazungu kusini mwa Marekani, miaka ya 1950 na 1960. Wahusika wangu wana miaka 14 hadi 17.

Shida yangu ni kwamba kila ninaposoma nakutana na tukio lilelile: binti amevaa miwani ya jua, umati unamfokea kwa nyuma. Kisha habari inaruka hadi mahafali, kana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Mimi nataka hiyo katikati. Kijana alifikaje kwenye orodha ya wanaoingia? Nani alimchagua, na kwa vigezo gani? Akiwa ndani, siku yake ilikwendaje kuanzia kengele ya asubuhi hadi ya jioni? Kwa nini wengine waliacha njiani? Na je, vijana wenyewe walikuwa na sauti, au walisukumwa tu na wazazi na mawakili?

Naomba majibu yenye tarehe na taratibu, nisije nikawapotosha wasikilizaji.

---

Mwl_Nyaraka alijibu:

Kurunzi, anza na karatasi kabla ya mlango. Mengi yaliyowapata vijana wale yalipangwa ofisini mapema.

Hukumu ya shauri la Brown ilitolewa 17 Mei 1954. Majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi kunavunja Katiba. Siku ile haikufunguka shule hata moja. Namna ya kutekeleza iliachiwa hukumu ya pili, ya 31 Mei 1955, nayo haikuweka tarehe ya mwisho. Ilizikabidhi mahakama za chini kazi ya kusimamia, na majimbo ya kusini yakapata nafasi ya kuchelewesha.

Chombo kikubwa cha kuchelewesha kilikuwa sheria za kuwapangia wanafunzi shule. North Carolina na Alabama zilipitisha za kwao mwaka 1955, Virginia ikafuata 1956. Utaratibu wake ulikuwa hivi: kila mwanafunzi anapangiwa shule peke yake. Anayetaka kuhama lazima aombe peke yake, kwa fomu, kabla ya tarehe fulani. Bodi inapima alama zake, tabia, afya, hali ya nyumbani, umbali, hata kama "atazoea" mazingira mapya. Neno rangi halimo popote. Ukikataliwa unakata rufaa kwenye bodi ileile iliyokukataa, na rufaa ikimalizika muhula umeshaanza. Ubaya wake mkubwa uko hapa: kwa kuwa kila ombi lilihesabiwa kuwa la mtu mmoja, ikawa vigumu kwa mawakili kuwatetea watoto wote kwa shauri moja.

Matokeo yake yanaonekana Atlanta. Mwaka 1961 waliomba vijana zaidi ya 100, wa madarasa mawili ya mwisho ya sekondari. Wakapimwa kwa mitihani na mahojiano, na tarehe 30 Agosti walioingia ni 9 tu, wakagawanywa kwenye shule 4. Hebu fikiria vijana wawili au watatu ndani ya jengo zima. Mpango wa Atlanta ulianzia juu, darasa la 11 na la 12, ushuke darasa moja kila mwaka. Nashville mwaka 1957 ilianza kinyume, kutoka darasa la kwanza kwenda juu, kwa hiyo kijana aliyekuwa sekondari mwaka ule alikuwa na hakika kwamba atamaliza shule kabla zamu yake haijafika. Kwa mchezo wako hilo ni la maana, maana yapo maumivu ya walioingia na yapo ya waliozidiwa na ratiba.

Little Rock, Arkansas, mpango ulikuwa wa msimamizi wa elimu wa mji, Virgil Blossom. Walioonyesha nia walihojiwa mmoja mmoja. Wenye alama za chini waliondolewa, na waliobaki wakaambiwa sharti zito: hutacheza kwenye timu, hutaimba kwenye kwaya, hutajiunga na chama chochote cha wanafunzi. Ukipigwa, usirudishe. Walibaki 17, kisha 8 kati yao wakaamua kuendelea kwenye shule yao ya Weusi, Horace Mann. Ndiyo sababu wakawa 9. Kumbuka hili unapomwandika mhusika aliyekataa kwenda. Alikuwa anapima kilichoko mezani: huku kuna bendi, timu, marafiki na walimu wanaomjua kwa jina, kule kuna maabara nzuri na kimya.

---

Shubiri alijibu:

Naongezea siku ndani ya Central High, ile sekondari ya Wazungu ya Little Rock, kwa sababu hapo ndipo watunzi wengi wanapokosea.

Kwanza tarehe, maana watu huzichanganya. Shule zilifunguliwa mapema Septemba 1957. Tarehe 4 Septemba, Walinzi wa Taifa wa Arkansas (jeshi la akiba la jimbo) waliotumwa na Gavana Orval Faubus waliwazuia vijana wale kuingia. Ndiyo siku ya picha ile. Elizabeth Eckford, miaka 15, alifika peke yake kwa sababu mpango wa kukutana na kwenda pamoja na wachungaji ulipitishwa kwa simu usiku, na nyumbani kwao hapakuwa na simu. Tarehe 23 Septemba wote 9 waliingizwa kwa mlango wa pembeni, umati wa zaidi ya watu 1,000 ukawa nje, na polisi wakawatoa kabla siku haijaisha. Tarehe 24 Rais Eisenhower aliagiza askari wa miavuli wa Divisheni ya 101, na Walinzi wa Taifa wakaondolewa mikononi mwa gavana. Tarehe 25 ndipo walipoingia na kukaa.

Sasa siku yenyewe. Kila kijana alipewa askari wa kumsindikiza kwenye korido. Askari hakuingia darasani, hakuingia chooni, hakuingia kwenye vyumba vya kubadilishia nguo za michezo. Hayo ndiyo maeneo matatu ya hatari, na waliotesa waliyajua vizuri. Usiandike askari amesimama nyuma ya dawati, si kweli.

Mateso yenyewe hayakuwa makubwa kila mara. Yalikuwa madogo yasiyokoma, na ndiyo maana yalichosha. Anayetembea nyuma anakukanyaga kisigino kwa makusudi, hatua baada ya hatua, hadi ngozi inachubuka. Kabati lako linavunjwa, vitabu vinaharibiwa, unapewa vingine, navyo vinaharibiwa. Wino unamwagwa kwenye nguo. Wasichana walikuta vipande vya kioo kwenye sakafu ya bafu la michezo. Mate yanatoka ghorofani kwenye ngazi. Darasani viti vya jirani vinabaki wazi. Melba Pattillo, mmoja wa wale 9, amesimulia kwamba alimwagiwa dawa kali machoni, na askari aliyekuwa naye akamkimbiza kwenye maji haraka.

Utaratibu wa malalamiko ulikuwa mtego wa pili. Uongozi ulikataa kumwadhibu mwanafunzi yeyote mpaka mtu mzima awe ameona kwa macho. Korido imejaa watu 200 wakati wa kubadilisha vipindi, mwalimu yuko mlangoni anatazama upande mwingine: nani atashuhudia? Kijana aliyeripoti aliondoka bila haki na sasa anajulikana kuwa mshitaki. Wengi wakaacha kuripoti. Ukitaka kujua kwa nini kumbukumbu za shule zinaonyesha matukio machache kuliko simulizi zao, sababu ni hiyo.

Askari wa Divisheni ya 101 waliondoka mwishoni mwa Novemba, wakabaki Walinzi wa Taifa, vijana wa jimbo lilelile, ambao wengi wao hawakuwa na moyo na kazi hiyo. Kuanzia hapo hali ikawa mbaya zaidi. Kwa hiyo kama mchezo wako unaishia Septemba, umewaacha wakati mgumu haujaanza.

Minnijean Brown ni mfano wa jinsi sharti la kutorudisha lilivyofanya kazi. Desemba 1957, kwenye bwalo la chakula, wavulana walimzuia njia kwa viti. Sinia yake ikaanguka na mchuzi wa maharage na nyama ukawamwagikia. Alisimamishwa masomo. Aliporudi Januari alimwagiwa supu. Februari 1958 alifukuzwa kabisa kwa kumjibu kwa matusi msichana aliyekuwa akimwandama. Baadaye zikasambazwa kadi shuleni zenye maneno ya kuhesabu kwamba mmoja ameondoka, wamebaki 8. Alikwenda kumalizia sekondari New York.

---

Bahari_Tulivu alijibu:

Walionitangulia wamesema vizuri, ila mazungumzo yote yakibaki Little Rock swali la mwisho la Kurunzi litakosa jibu. Je, vijana walisukumwa? Nenda Farmville, Virginia, 1951, miaka mitatu kabla ya hukumu ya Brown.

Shule ya Weusi ya Robert Russa Moton ilijengwa 1939 kwa wanafunzi 180 hivi. Kufikia 1950 ilikuwa na zaidi ya 450. Wilaya ikaongeza vibanda vya mbao vilivyofunikwa karatasi za lami, vyenye majiko ya kuotea moto. Aliyekaa karibu na jiko aliungua, aliyekaa mbali alikaa na koti. Mvua ikinyesha wanafungua miavuli darasani. Wazazi walipeleka maombi kwa bodi kwa utaratibu wote na kuahidiwa bila kutekelezewa.

Barbara Johns alikuwa na miaka 16. Aliwakusanya wenzake wachache kwa siri, wakapanga kwa miezi. Tarehe 23 Aprili 1951 mkuu wa shule, Boyd Jones, alipigiwa simu ya uongo kwamba wanafunzi wake wana matatizo mjini. Alipotoka, vijana wakatuma taarifa madarasani za kuwaita wote ukumbini. Pazia likafunguliwa, Barbara yuko jukwaani. Walimu wakaombwa watoke. Simu ile ilikuwa na kusudi la pili: kama mkuu hayupo, hawezi kulaumiwa kuwa ndiye aliyepanga. Hata hivyo bodi haikumwongezea mkataba.

Jambo ambalo watu hulipita haraka: mwanzoni hawakugomea utengano. Waligomea jengo, wakitaka shule mpya ya Weusi iliyo sawa. Mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, Oliver Hill na Spottswood Robinson, walikuja na sharti kwamba watachukua shauri iwapo tu madai yatakuwa ya kuvunja utengano wenyewe. Ikabidi vijana na wazazi waamue upya mkutanoni. Mgomo ulidumu wiki mbili, na tarehe 23 Mei shauri likafunguliwa kwa niaba ya wanafunzi 117. Ni moja kati ya mashauri matano yaliyosikilizwa pamoja kama shauri la Brown, na ndilo pekee lililoanzia kwa wanafunzi wenyewe. Familia ya Barbara iliogopa usalama wake ikampeleka Montgomery, Alabama, akaishi kwa mjomba wake Mchungaji Vernon Johns.

Kurunzi, mimi ningeanzia mchezo hapo, ukumbini. Kwa redio una kila kitu: simu, nyayo, pazia, minong'ono inayonyamaza.

---

Kurunzi:

Nawashukuru sana. Ile ya simu ya uongo sikuwahi kuisikia.

Bado nimekwama kwenye walioacha. Nimesoma juu ya Dorothy Counts wa Charlotte, kwamba aliondoka baada ya siku 4. Wasikilizaji vijana watauliza: kwa nini yeye aliondoka na wengine wakabaki? Sitaki ionekane alikuwa dhaifu.

---

Shubiri:

Hakuwa dhaifu, alikuwa peke yake. Hiyo ndiyo tofauti, na unaweza kuipima.

Dorothy Counts, miaka 15, aliingia Harry Harding High tarehe 4 Septemba 1957, siku ileile ya picha ya Little Rock. North Carolina iliruhusu vijana wachache mno na ikawatawanya. Wanne waliingia shule za Charlotte mwaka ule, kila mmoja shule yake. Hakuwa na mwenzake wa kukaa naye mezani wala wa kushuhudia yaliyompata. Hapakuwa na askari wa serikali kuu. Alitemewa mate, akarushiwa mawe na takataka, na gari la familia likavunjwa kioo wakati kaka yake amekuja kumchukua. Baba yake, mhadhiri wa theolojia, aliuliza kama usalama wake unaweza kuhakikishwa, na jibu alilopata halikumridhisha. Alimtoa, akapelekwa kusoma Pennsylvania. Huo ulikuwa uamuzi wa mzazi mwenye akili timamu.

Linganisha na Clinton, Tennessee. Agosti 1956 waliingia 12 pamoja kwa amri ya mahakama, shule ya kwanza ya sekondari ya serikali kusini kufanya hivyo kwa amri ya namna hiyo. Kabla ya hapo walisafirishwa kwa basi maili 20 hivi hadi Knoxville ilhali shule ilikuwa mjini kwao. Waliteremka kilima pamoja kila asubuhi. Mchochezi kutoka nje, John Kasper, aliwasha fujo hadi Walinzi wa Taifa wakaletwa na vifaru. Desemba, mateso ndani ya shule yalipozidi na wakaacha kwenda kwa siku kadhaa, Mchungaji Paul Turner, Mzungu, alitembea nao hadi mlangoni, na akirudi akapigwa vibaya. Bobby Cain alihitimu 1957, Gail Ann Epps 1958. Kati ya 12 hao ni wawili tu waliopata cheti pale. Oktoba 1958 jengo likalipuliwa kwa baruti, Jumapili asubuhi, hakuna aliyeumia, na wanafunzi wakahamishiwa jengo tupu Oak Ridge.

Kwa hiyo hata kundi halikutosha peke yake. Ila mtu mmoja ndani ya jengo alikuwa na nafasi ndogo kabisa.

---

Mwl_Nyaraka:

Nimalizie kuhusu fomu, maana miaka ya 1960 mbinu ilibadilika na vijana wakaingizwa kwa namna nyingine.

Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 iliipa serikali kuu uwezo wa kunyima fedha wilaya inayobagua, na mwaka 1965 fedha za elimu kutoka serikali kuu zikawa nyingi kiasi cha kuuma zikikosekana. Wilaya nyingi za kusini zikajibu kwa mpango walioubatiza uhuru wa kuchagua. Kila familia inaletewa fomu, ina siku 30 za kuandika shule inayotaka. Kanuni za serikali kuu ziliruhusu mwanafunzi wa miaka 15 au anayeingia darasa la 9 kujaza fomu yake mwenyewe, ingawa mzazi angeweza kuibatilisha. Hapo ndipo mchezo wako una tukio la mezani lisilohitaji umati wowote: fomu, kalamu, binti, mama.

Na tazama kalamu hiyo inagharimu nini. Baba analima shamba la Mzungu kwa kugawana mavuno, anaishi nyumba ya mwenye shamba, anakopa mbegu na chakula dukani hadi mavuno. Fomu ikirudi ofisini, jina linajulikana mji mzima kabla ya jioni. Familia ya Matthew na Mae Bertha Carter wa Drew, Mississippi, iliandikisha watoto 7 shule za Wazungu mwaka 1965. Nyumba yao ilipigwa risasi usiku, wakakosa mkopo, wakatolewa shambani. Watoto wakaendelea kwenda shule, wakiwa Weusi pekee mle kwa miaka kadhaa.

Ndiyo maana uchaguzi haukubadilisha mengi. New Kent, Virginia, ilikuwa na shule mbili tu, na familia za rangi zote ziliishi zimechanganyika wilaya nzima. Mabasi 21 yalipishana barabarani, 11 yakipeleka watoto Watkins ya Weusi na 10 yakipeleka New Kent ya Wazungu. Baada ya miaka mitatu ya kuchagua, hakuna mtoto hata mmoja wa Kizungu aliyechagua Watkins, na asilimia 85 ya watoto Weusi walikuwa bado wako Watkins. Tarehe 27 Mei 1968 Mahakama ya Juu ilisema mzigo wa kuvunja mfumo ni wa bodi ya shule, si wa mtoto, na ikataja vitu vya kuangaliwa: wanafunzi, walimu, wafanyakazi, usafiri, majengo, na shughuli za nje ya darasa. Angalia hicho cha mwisho. Miaka 11 baada ya vijana wa Little Rock kukatazwa kwaya na timu, mahakama ikatambua kwamba shule haijaunganishwa kama kijana hawezi kuingia kwaya.

Takwimu zinaonyesha kasi. Katika majimbo ya kusini, wanafunzi Weusi waliosoma shule zenye Wazungu wengi walikuwa asilimia 2.3 mwaka 1964, yaani miaka 10 baada ya Brown. Mwaka 1968 walikuwa 23.4, na 1970 wakafika 33.1.

---

Bahari_Tulivu:

Na hapo 1968 hadi 1970 ndipo yalipotokea ambayo vijana wengi Weusi wa wakati ule wanayasimulia kwa uchungu kuliko mawe. Shule zilipounganishwa, iliyofungwa ilikuwa ya Weusi, au ikashushwa kuwa ya madarasa ya chini na kubadilishwa jina. Kijana wa darasa la 12 alihamishwa akiwa amebakiza mwaka mmoja. Rangi za timu, wimbo wa shule, gazeti, vyeo vya viongozi wa wanafunzi, vyote vilikuwa vya shule inayompokea. Vikombe vya michezo vya shule ya zamani vilitupwa au vikapotea stoo. Mkuu wake wa shule akafanywa msaidizi, mwalimu wake akaachishwa. Inakadiriwa kwamba kati ya 1954 na 1965 walimu na wakuu wa shule Weusi wapatao 38,000 katika majimbo 17 walipoteza kazi. Kwa kijana maana yake ni hii: aliyeandika barua yake ya chuo, aliyejua mama yake ni mgonjwa, hayupo tena.

Hyde County, North Carolina, waligoma kwa sababu hiyohiyo. Mwaka wa masomo 1968–69 wazazi na wanafunzi Weusi waliacha kwenda shule mwaka mzima, si kwa kupinga kuunganishwa bali kwa kupinga shule zao mbili, O.A. Peay na Davis, kufungwa. Vijana waliandamana, wakakamatwa, wakatembea hadi makao makuu ya jimbo Raleigh. Shule zao zikanusurika.

Ukimpa mhusika mmoja msimamo huu, tafadhali usimfanye apinge usawa. Alitaka usawa ambao haumnyang'anyi chake.

---

Shubiri:

Nami niongeze waliofungiwa kabisa, halafu nitanyamaza.

Little Rock, baada ya mwaka ule wa kwanza, gavana alifunga sekondari zote 4 za mji kwa mwaka wa masomo 1958–59. Wanafunzi 3,665 wa rangi zote wakakosa shule za serikali. Walimu walikuwa na mikataba, kwa hiyo waliripoti kazini na kukaa kwenye madarasa matupu. Wazungu walifunguliwa sekondari binafsi mjini. Weusi hawakuwa nayo, ikabidi wanaoweza wapelekwe kwa ndugu miji mingine au majimbo mengine.

Prince Edward, wilaya ileile ya Barbara Johns, ilifanya zaidi. Ilifunga shule zote za serikali mwaka 1959 na kuziacha zimefungwa hadi 1964. Watoto wa Kizungu wakapata akademi binafsi, ikisaidiwa na ruzuku za karo. Vijana Weusi wachache walipelekwa chuo cha Kittrell huko North Carolina kumalizia sekondari, wengine wakachukuliwa na familia za majimbo ya mbali kupitia shirika la Waquaker, dhehebu la Kikristo. Wengi walibaki, wakaenda mashambani na viwandani. Mwaka 1963 zilifunguliwa shule za muda za bure, na walimu wakakuta watoto wa miaka 10 na 11 ambao hawajawahi kushika kitabu cha shule. Amri ya Mahakama ya Juu ilitoka 25 Mei 1964. Aliyekuwa na miaka 14 shule zilipofungwa alikuwa na 19 zilipofunguliwa, na wengi wa umri huo hawakurudi.

---

Kurunzi:

Sina maneno ya kuwashukuru. Sehemu ya kwanza nitaanzia ukumbi wa Moton. Ya pili Central, kuanzia Desemba na si Septemba. Ya tatu meza na fomu. Ya nne bado sijui niimalize wapi. Nilifikiria mahafali ya Ernest Green, mmoja wa wale 9 wa Little Rock, ila naogopa itasikika kama ushindi umekamilika.

---

Shubiri:

Mahafali yanafaa ukiyaandika yalivyokuwa. Tarehe 27 Mei 1958, uwanjani, wahitimu zaidi ya 600, yeye Mweusi pekee. Martin Luther King alikuja akakaa na familia yake, bila kutangazwa. Kila jina liliposomwa watu walipiga makofi. Lilipofika la Green, uwanja ukanyamaza. Kwa redio usiweke muziki hapo. Weka jina, nyayo zake kwenye jukwaa, kisha jina linalofuata na makofi yanaanza tena.

---

Mwl_Nyaraka:

Na kama unataka kuendelea kidogo baada ya hapo: Carlotta Walls, aliyekuwa mdogo kuliko wote 9, miaka 14 alipoanza, alirudi Central ilipofunguliwa tena 1959. Februari 1960, miezi michache kabla hajamaliza, nyumba yao ililipuliwa kwa bomu usiku. Hakuna aliyeumia. Asubuhi yake alikwenda shule.

Marekebisho mawili ya haraka ya rasimu yako uliyonitumia faragha: Ruby Bridges alikuwa na miaka 6 alipoingia shule ya msingi New Orleans, Novemba 1960, kwa hiyo mtoe kwenye kundi la vijana. Na usiwape Walinzi wa Taifa wa tarehe 4 Septemba kazi ya kuwalinda vijana. Siku hiyo bunduki zao ziliwazuia.